Moshi Juu ya Nyanungu

Nyanungu, Tarime
2 Juni 2024

Kwako binti yangu Mokami,

Pokea salamu zangu nyingi huko mbali ulikopelekwa na masomo. Mimi sijambo, kaka yako Gidion hajambo, mkewe Eunice na watoto hawajambo, ng'ombe nao wanakula na kucheua. Kaburi la mama yako nimelipalilia wiki iliyopita. Natumaini nawe unaamka salama.

Gidion anataka nikupigie simu. Nimekataa. Kwenye simu mtu anasema haloo, haloo, mpaka muda wa maongezi unakwisha na hakuna kilichosemwa. Nitaandika kwa mkono wangu kama nilivyofundishwa na mapadri, naye akija Jumamosi kutoka kwenye kazi yake Sirari atapiga picha karatasi hii na kukutumia. Nawe andika barua, siyo vile vineno vyenu vya simu. Yeye atanisomea.

Sasa nieleze. Redio imesema kwamba huko Aisilandi ardhi imepasuka na moto unatoka. Ofisi yako ya Dodoma ilisema unakwenda miezi sita kujifunza namna ya kupata umeme kutoka kwenye mvuke wa ardhini. Moto haukutajwa. Kama uko karibu nao, sogea. Ukishasogea, niandikie huo moto ulivyo, usiniache na habari ya nusu. Unajua sisi wazee wa baraza la inchama ndio tunaoulizwa lini watu wapande na lini wasubiri, na wazee wenzangu wamekwisha kuniuliza kwa nini nchi ya barafu inawaka. Sipendi kujibu nisichokijua.

Wako,
Tata

---

Reykjavik
16 Juni 2024

Shikamoo Tata,

Barua yako niliipokea nikiwa jikoni, nikaisoma nimesimama mpaka uji ukaungua. Mimi ni mzima kabisa. Nisalimie Gidion, mwambie na wifi Eunice kwamba lile blanketi lake ndilo linaloniokoa. Nimefurahi sana kusikia umempalilia mama.

Usiwe na hofu, niko mbali na moto. Lakini nimeuona, Tata, na tangu niuone silali vizuri, na si kwa sababu huku jua la Juni halitaki kuzama. Siku chache baada ya kufika kwangu ardhi ilifunguka kule upande wa kusini magharibi. Walitupeleka kilimani, mahali pa salama, tukatazama. Nilidhani mlima wa moto ni mlima wenye tundu juu, kama ulivyochorwa kwenye vitabu vya shule. Kumbe ni ardhi tambarare tu, kama malisho yetu, imechanika mstari mrefu, na kwenye huo mstari moto umesimama kama watu waliopanga foleni. Hauunguzi kitu. Ni jiwe lenyewe linaloyeyuka na kuruka juu. Nilishika mkono wa mwenzangu kutoka Kenya.

Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi ambaye ukoo wake umefuga kondoo hapa tangu zamani, alituambia huu ni mdogo. Akatusimulia wa mwaka 1783. Ardhi ilipasuka kama hivi, ila mpasuko ulikuwa mrefu kuliko kutoka kwetu mpaka Tarime mjini kwa miguu, na haukufunga kwa miezi minane. Moshi wake ulikuwa na sumu. Ulitua kwenye majani, ng'ombe na kondoo wakala, meno yakaota vibaya, mifupa ikavimba, wakafa zaidi ya nusu. Kisha watu wakafa kwa njaa. Ulaya nzima jua lilionekana jekundu kama damu adhuhuri, na watu waliweza kulitazama bila kufumba.

Lakini kilichoniondoa usingizi ni hiki. Moshi ule ulipopanda juu sana, juu ya mawingu, uligeuka ukungu mwembamba uliozuia joto la jua. Nchi za kaskazini zikapoa. Na mvua za Afrika zinafuata joto hilo, Tata. Lilipopungua, mvua za milima ya Ethiopia nazo zikapungua, Mto Naili ukakosa kujaa, na Misri ikaingia njaa. Watu walikufa kwa moto wa nchi ambayo hawakuwahi kusikia jina lake. Nilikaa nikafikiri: maji ya Mto wetu Mara yanaingia ziwani, ziwa linaingia Naili. Sisi sote tuko chini ya kitambaa kimoja, na mtu akikichoma upande mmoja, upande mwingine unanuka.

Kwetu inasemwaje kuhusu mambo kama haya? Wazee wanakumbuka lolote?

Akupendaye,
Binti yako Mokami

---

Nyanungu
14 Julai 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu. Hatujambo, ila hali si ile uliyoiacha.

Barua yako Gidion aliisoma mbele ya wazee wote nyumbani kwa mzee Ezra. Alipofika pale pa meno ya ng'ombe, pombe ilibaki kwenye vibuyu. Wewe umesoma mambo makubwa, na ninasema hivi bila kukutania, ingawa kutania ni haki yangu.

Umeuliza kama tunakumbuka. Babu yangu Nchagwa alisimuliwa na babu yake kwamba palikuwa na mwaka ambao jua lilivaa nguo. Ulezi ulitoa masuke matupu. Ng'ombe walikohoa. Wenye akili waligawa ng'ombe wao kwa marafiki wa mbali, nusu huku nusu kule, ili ugonjwa usimalize boma lote. Ndiyo maana ukoo wetu ulibaki na ng'ombe.

Sasa sikiliza. Jua limevaa nguo tena. Tangu tuvune mahindi naliona. Asubuhi kuna weupe mbele ya kila kitu, mchana jua limefifia, vilima vya upande wa Kenya vimepotea kabisa. Sikusema kwa sababu sikujua ni nini. Barua yako ndiyo iliyonieleza. Nikamuuliza Gidion, "Unauona huu moshi?" Akasema, "Naona, tata." Nikawauliza wazee, wakasema wanaona. Hata mkewe Gidion nilimuuliza kwa mbali akitoka kisimani, akajibu akiwa ameinamisha uso kwamba anaona.

Basi nimesema kwenye inchama, na imekubaliwa: vuli hii hakuna kupanda. Mbegu zibaki ghalani mpaka moshi upite. Na mimi nusu ya ng'ombe wangu nitawapeleka kwa rafiki yangu Selestine, Ringwani, ng'ambo ya mto. Uliza walimu wako moshi huu utakwisha mwezi gani.

Tata

---

Reykjavik
21 Julai 2024

Shikamoo Tata,

Naomba uwe mzima, na naomba barua hii isomwe upesi, isingoje Jumamosi mbili.

Nilikwenda kwa mwalimu siku ileile. Tuliketi kwenye kompyuta yake tukaangalia picha zinazopigwa na mitambo iliyo juu angani, siku moja baada ya nyingine. Nilimwonyesha Tarime. Akaikuza mpaka nikauona mto. Tata, hakuna moshi juu ya Nyanungu. Hakuna hata kidogo. Kuna vumbi la kawaida la kiangazi na moshi wa watu wanaochoma majani, basi.

Tena moto huu wa sasa hauwezi. Alinieleza hivi: moshi ukibaki chini, kwenye kimo cha mawingu, mvua inauosha kwa siku chache. Ili ubadilishe majira ni lazima mlima uusukume juu kuliko mawingu, mahali ambapo mvua haifiki, na uwe mwingi mno. Mwaka huu umebaki chini, na umekwisha kuzimika tangu Juni.

Kwa hiyo watu wapande, Tata. Tarime nzima inaandaa mashamba, ni ninyi tu mtakaobaki na mbegu ghalani. Nimefikiria watoto wa majirani mwezi wa kwanza wakiwa hawana kitu. Waambie wazee wangoje kidogo kabla ya kushikilia uamuzi huo, nawe nieleze unachokiona, asubuhi na jioni. Usikasirike nikiuliza.

Binti yako,
Mokami

---

Nyanungu
4 Agosti 2024

Mokami,

Nimesomewa barua yako.

Umesema picha zimepigwa kutoka juu. Mimi niko chini. Unataka kujua ninachokiona: naona taa ya Ezra ina duara kuizunguka, rangi rangi. Naona mwezi ni miwili, mmoja umeegemea mwingine. Naona ng'ombe wangu mwekundu amekuwa wa kijivu. Ukiniambia hivyo ndivyo Nyanungu ilivyo siku zote, basi ulizaliwa nchi nyingine.

Nilikutoa shule ya msingi nikakupeleka sekondari Issenye wakati wenzangu walikuwa wakipokea ng'ombe wa mahari kwa mabinti wa umri wako. Sijajuta. Lakini mtoto hamwambii mzazi kile ambacho mzazi anakitazama kwa macho yake. Neno la inchama limekwisha kutoka. Likirudishwa kwa sababu ya msichana aliye Ulaya, nani atatusikiliza tena?

Ng'ombe wanaondoka Jumatano. Nitawapeleka mwenyewe, kwa kuwa ng'ombe wa rafiki hapelekwi na mtu wa kutumwa.

Mwikwabe

---

Reykjavik
7 Septemba 2024

Shikamoo Tata,

Uwe mzima. Najua ulisaini barua ile kwa jina lako, kama mtu anayemwandikia mkuu wa wilaya. Ilinichoma, na kwa mwezi mzima nilishindwa kujibu. Leo naandika nikiwa nimepiga magoti, na Gidion ameahidi kusoma yote bila kuruka.

Eunice alinipigia simu. Usimlaumu. Alipanda mpaka kilimani penye mtandao, akalia kwanza, ndipo akanieleza ya mtoni. Alisema mlipofika kwenye kivuko cha ng'ombe wewe ulitangulia, ukaacha njia, ukaingia mahali penye povu jeupe ukidhani ni mchanga. Gidion alikurukia akakushika koti. Ndama wa yule ng'ombe mwenye paji jeupe alikufuata wewe, na maji yakamchukua. Alisema ulipotolewa ulisema moshi ulikuwa umetanda juu ya mto. Na Gidion, akiwa ameloa mpaka shingoni, juani, akasema ndiyo, tata, ulitanda.

Nikamuuliza Eunice, "Wewe uliuona?" Akashusha sauti. Kisha akasema, "Wifi, anga ni safi tangu mavuno. Sijawahi kuona moshi."

Tata, hakuna moshi. Ni macho yako. Duara kwenye taa, mwezi kuwa miwili, rangi kufifia, nimemweleza daktari hapa neno kwa neno nilivyoyatoa kwenye barua yako, akasema ugonjwa huo unaitwa mtoto wa jicho, unakuja na umri, na unatolewa kwa muda mfupi kuliko kuchinja kuku. Musoma wanatoa. Mama angekuwepo angekuambia siku ya kwanza, tena kwa kukucheka. Lakini mama hayupo, na waliobaki ni mwana anayekuogopa na mke wa mwana ambaye mila haimruhusu hata kukutazama usoni. Angeanzaje kutaja macho ya baba mkwe wake? Kila uliyemuuliza alijibu anaona kwa kuwa aliyeuliza ni wewe.

Wiki mbili zilizopita ardhi hapa ilipasuka tena, mpasuko mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tulipelekwa alasiri ya siku ya tatu. Sauti yake inaingia kwa miguu kabla ya masikio. Jiwe lilikuwa linatiririka kama maziwa yanayofurika sufuria, na nilipolitazama nilihisi nimefika kabla dunia haijamaliza kuumbwa. Nikakuwaza wewe. Niliona aibu kwamba nimepewa macho ya kuona jambo hili, na baba yangu anatembea gizani na kuliita giza hilo moshi wa moto huu.

Mvua zinakaribia. Watu hawajapanda. Najua ninachokuomba: usimame mbele ya inchama na useme hukuona. Sijui kama mimi ningeweza. Lakini usipokwenda Musoma utakuwa kipofu, na wasipopanda watalala njaa, na hakuna mwingine anayeweza kuwafungulia.

Binti yako, hata ukikataa,
Mokami

---

Nyanungu
27 Oktoba 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi wazima. Najua umekaa siku nyingi bila neno kutoka kwetu, na Gidion nilimkataza kukuambia chochote mpaka niseme mwenyewe.

Mwandiko huu si wangu. Daktari amenikataza kuinama na kukaza macho kwa wiki kadhaa, na Gidion yuko Sirari. Anayeandika ni Eunice. Amekaa ndani kwake, amegeuzia mlango mgongo, mimi niko nje kwenye kigoda, nami nimegeuzia mlango mgongo. Heshima haijavunjika. Ila majirani wakipita wanafikiri nimeanza kuhutubia mahindi.

Barua yako ilipomalizika kusomwa nilimfukuza Gidion. Nilikaa siku tatu bila kusema na mtu. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa naogopa. Nilifumba jicho hili, nikafumba lile, nikaona moshi wa jicho la kulia umezidi wa lile jingine, nikauelewa.

Kisha nikaenda kwa Ezra, wazee wakaitwa. Niliwauliza tena, mmoja mmoja, kama bado wanauona moshi. Kila mmoja akasema anauona. Wa mwisho alisema siku hizi umezidi. Ndipo nikasema, "Basi ni ninyi tu mnaouona. Mimi nimeambiwa ni macho yangu."

Mokami, wazee walitazama vibuyu vyao. Halafu Ezra, mkubwa wetu wote, akasema taratibu, "Mwikwabe, mimi sijauona hata siku moja. Nilidhani kipofu ni mimi." Tulicheka mpaka wengine wakalia, na katika kulia huko sijui nani alikuwa anacheka bado. Neno likatoka jioni ile: watu wapande. Tumechelewa kuliko wenzetu wa Ringwani, lakini tumepanda. Ezra ameuliza kama Musoma wanapokea wawili kwa safari moja.

Jicho la kulia limetolewa ule uchafu mwanzoni mwa mwezi huu. Gidion alizuiwa kazini, kwa hiyo aliyenipeleka ni Eunice, yeye akitembea mbele na mimi nimeshika ncha ya fimbo, ncha nyingine ameshika yeye. Asubuhi yake muuguzi akaondoa bandeji, akasema, fungua.

Wewe umeniandikia ulivyosimama mbele ya ardhi inayofunguka. Nami niache niseme changu. Kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha ziwa, na juu ya ziwa anga. Nilikuwa nimesahau kwamba ni bluu. Nilikuwa nimesahau kwamba inafika mpaka chini. Nikafikiri juu ya moshi wako wa mwaka ule, na jinsi kitu kikubwa hivi kinavyoweza kufungwa na nchi ndogo ya mbali, na hakuna mzee wala inchama ambaye angejua kilichotokea. Siku zote tumekuwa tukipanda kwa kuachiwa tu na anga. Nilimshukuru Mungu wa mapadri, na wa babu Nchagwa pia, nisije nikamsahau mmoja.

Maliza masomo yako. Ukirudi utasimama mwenyewe mbele ya wazee uwaeleze hayo ya juu ya mawingu. Nimekwisha kuwaambia utakuja, na safari hii hakuna aliyesema msichana.

Wako,
Tata

Wifi, hapa ni mimi Eunice. Baba amekwenda kuangalia ng'ombe, nimebaki na karatasi, na kuna jambo amenikataza kuandika lakini sikuitika.

Siku ile bandeji ilipotolewa mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimeinamisha uso kama inavyotakiwa. Muuguzi akamuuliza kama anamwona aliyemleta. Baba akasema, "Eunice, inua uso." Miaka tisa niko kwenye boma lile, wifi. Nikainua. Alinitazama kwa muda, machozi yakimtoka kwenye lile jicho jipya mpaka muuguzi akamkemea. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia, "Ningeanzaje, baba?" Akaomba fimbo yake.

Tangu turudi, kila asubuhi akitoka na kigoda chake hutazama anga kwanza, halafu huniita nikiwa ndani na kuniuliza ninaona nini. Jana niliogopa, nikasema ninaona kama anavyoona yeye. Akakasirika, akaniambia hakuuliza hivyo. Leo ameniuliza tena. Nimetoka mpaka mlangoni nikatazama vizuri, nikamwambia naona wingu upande wa Kenya, jeusi chini, na chini yake mvua imeanza, ila bado iko mbali.

Ametazama upande ule. Kisha akasema na yeye anaiona.

Wifi yako,
Eunice